Sura ya Tano: Kioo Kipya Sebuleni

Friji huingia nyumbani kwa kirikuu usiku, na godoro hubebwa kichwani mchana kweupe, hakuna anayeuliza. Televisheni haina bahati hiyo. Boksi la inchi 55 halikai sawasawa ndani ya bajaji, ubavuni lina picha kubwa ya kilichomo, na njia ya kwenda nalo nyumbani hupita mbele ya genge, mbele ya saluni na katikati ya watoto wanaocheza mpira. Fundi wa kutoboa ukuta hajafika bado, watoto wa jirani wamekwisha kukaa mkekani. Boksi lenyewe halitupwi. Hupandishwa juu ya kabati lisubiri siku ya kuhama. Rimoti nayo hubaki ndani ya nailoni yake hadi nailoni ichakae yenyewe.

Jioni hiyohiyo, king'amuzi kikishaunganishwa na taarifa ya habari kuanza, mwenye nyumba hunyamaza kidogo, akajiuliza jambo ambalo hataki mkewe alisikie: mbona dukani ilikuwa nzuri kuliko hivi? Nyuso za watu zinang'aa mno, majani ya uwanja yamegandana, na maandishi yanayopita chini ya picha yana ukungu pembeni. TV ya chogo aliyompa shemeji wiki iliyopita ilikuwa na picha safi zaidi.

Hajatapeliwa, angalau si mara zote. Alichonunua ni kioo, na kioo hakitengenezi picha. Picha inatengenezwa uwanjani na kamera, inapita kwenye gari la matangazo, inabanwa, inarushwa angani, inadakwa na dishi au antena, inafunguliwa na king'amuzi, inapita kwenye waya, ndipo inafika sebuleni. Popote ilipopoteza uzuri wake njiani, hakuna kioo kitakachourudisha, hata kiwe cha bei gani. Wengi wetu tunatumia pesa zote kwenye hatua ya mwisho ya safari hiyo na hatutumii hata dakika kumi kuzikagua hatua zilizotangulia.

Tuanze na hesabu, maana dukani utatupiwa namba nyingi kwa kasi. Picha ya mfumo wa PAL, ule tuliokua nao, ikigeuzwa kuwa ya kidijitali huwa na nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwenda chini. Zidisha: nukta 414,720. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, yaani nukta 2,073,600, mara tano ya ile ya zamani. 4K ina 3,840 kwa 2,160, nukta 8,294,400. Kati yao zipo televisheni za inchi 32 zinazoandikwa "HD" tu, ambazo nyingi zina nukta 1,366 kwa 768. Nembo ya "HD Ready" iliyoanza Ulaya mwaka 2005 ilitaka mistari 720 tu na uwezo wa kupokea mawimbi ya HD, basi. Kwa hiyo mtu anaweza kununua "HD" na jirani yake akanunua "Full HD", wote wakawa wamesema kweli, na vioo vyao visilingane.

Sasa chukua chaneli inayorushwa kwa kiwango cha zamani, na zipo nyingi bado kwenye ving'amuzi vyetu, uionyeshe kwenye kioo cha 4K. Gawanya mwenyewe: kwa kila nukta moja iliyofika, kioo kina nafasi ishirini za kujaza. Kumi na tisa televisheni inazibuni. Televisheni ya bei kubwa hubuni kwa akili zaidi kuliko ya bei ndogo, lakini zote zinabuni. TV ya chogo ya inchi 21 haikuwa na kazi hiyo. Ilionyesha ilichopewa, kwa udogo wake, na aibu za picha zikapotea humo. Ndiyo sababu yule bwana aliona ya zamani ilikuwa safi. Macho yake hayakumdanganya.

Wajapani waliliwaza jambo hili mapema kuliko wengine wote. Mwaka 1964, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, shirika la utangazaji la NHK lilianza utafiti wa televisheni itakayofuata hii iliyokuwapo. Watafiti wake, wakiongozwa na mhandisi Takashi Fujio, hawakuanza na mitambo. Walianza na mtu aliyeketi. Waliwaweka watu mbele ya picha za ukubwa mbalimbali na umbali mbalimbali, wakapima ni wakati gani mtu anaacha kuhisi kwamba anatazama sanduku na kuanza kuhisi kwamba yupo mahali penyewe. Walichokipata ni kwamba picha inatakiwa iwe pana, ichukue kama digrii 30 za upeo wa macho, na mtazamaji akae umbali wa takriban mara tatu ya kimo cha picha. Kwa umbali huo mfupi mistari ya televisheni ya kawaida ingeonekana, kwa hiyo mistari ilibidi iongezwe: wakafikia 1,125. Kufikia mwaka 1989 NHK ilikuwa inarusha majaribio ya kila siku kwa mfumo huo.

Angalia mpangilio wa mawazo yao. Ukubwa na umbali vilitangulia. Wingi wa nukta ulikuja kuvitumikia. Dukani tunafanya kinyume, tunauliza kwanza "ni 4K?" na umbali hatuuulizi kabisa.

Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukiifuata hesabu hiyo, televisheni ya inchi 43, yenye kimo cha kama sentimita 54, inakupa utamu wote wa Full HD ukiwa mita 1.7 kutoka kwenye kioo. Ukirudi nyuma zaidi ya hapo, nukta zinaanza kuchanganyika machoni. Na ili uifaidi 4K kwa ukamilifu kwenye inchi hizo 43, ukae karibu na sentimita 85, yaani magoti yaguse kabati la TV. Sebule nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura makochi yameegemea ukuta na televisheni ipo ukuta wa pili, mita tatu hivi. Kwa umbali huo, 4K na Full HD za inchi 43 ni kitu kimoja kwa macho ya mtu wa kawaida. Kioo kitakachokuonyesha kila nukta ya Full HD ukiwa mita tatu ni cha inchi 75.

Je, ukanunue inchi 75? Hapo ndipo ubishi unapokuwa mtamu. Kioo kikubwa kinaipendezesha picha nzuri na kuiumbua mbaya. Kama nyumbani mnatazama zaidi tamthilia na habari kwenye chaneli za kiwango cha zamani, inchi 75 itawaonyesha kila donge na kila ukungu. Kwa chaneli hizo, kioo cha inchi 43 ukiwa mita tatu ndicho kinachostarehesha. Kama ni mpira kwenye chaneli za HD na filamu za mtandaoni, nunua kikubwa kadiri mfuko na ukuta vinavyoruhusu, na punguza namba nyingine kwenye boksi. Mimi, nikilazimishwa kuchagua kwa bei ileile kati ya inchi 55 ya Full HD na inchi 43 ya 4K, nachukua 55 bila kufikiri mara mbili. Tatizo ni kwamba siku hizi inchi 55 nyingi ni za 4K upende usipende, basi nukta za ziada chukua kama nyongeza ya muuza nyanya.

Duka sasa. Kariakoo, Luthuli Avenue kule Nairobi au Darajani Unguja, mambo ni yaleyale. Kariakoo utapokewa na winga kabla hujaliona duka. Winga si mwizi. Ana asilimia yake, na anajua duka gani lina mzigo. Ila yeye anauza kilichopo, si unachohitaji, na sentensi yake ya kwanza huwa ni "bosi, hii ni og kabisa". Msikilize, kisha mwambie unataka kuiona ikiwaka, na si kwa video ile ya samaki na maua.

Video ile imetengenezwa kwa kazi hiyo. Imerekodiwa kwa kamera bora, haikubanwa sana, ina rangi kali, haina mwendo wa ghafla, na inatoka kwenye flash iliyochomekwa nyuma. Televisheni zenyewe zimewekwa kwenye mpangilio wa picha unaoitwa "Vivid" au "Dynamic", mwanga umefikishwa mwisho, ili kila moja ishindane na taa za duka na televisheni arobaini nyingine ukutani. Katika mashindano hayo inayong'aa zaidi ndiyo inayouzika. Nyumbani haina wa kushindana naye.

Nenda na flash yako. Weka humo kipande cha mpira ulichokipakua, wimbo wa video wenye giza na taa za jukwaani, na video ya mtu unayemfahamu uliyomrekodi kwa simu mchana, mama yako akiwa uani kwa mfano. Uso wa mama yako unaujua. Kama kwenye kioo kile amekuwa mwekundu kama amepigwa na jua la Dodoma, na mpangilio wa picha ukibadilishwa bado hatulii, hiyo televisheni haijui rangi za watu. Ni kipimo kizuri kuliko maua yote ya Uholanzi.

Kisha ondoka mbele ya kioo. Simama pembeni, kwa upande ule ambao mgeni wa nne atakaa. Vioo vingi vya LCD, na hapa naingiza zile zinazoitwa LED na QLED kwa sababu zote ni LCD yenye taa nyuma, viko vya aina mbili kubwa. Aina ya VA ina weusi mzito na picha yenye kina ukiwa katikati, lakini ukisogea ubavuni rangi zinapauka. Aina ya IPS weusi wake ni wa kijivujivu kidogo usiku, ila picha haibadiliki sana hata ukitazama kwa upande. Magazeti ya Ulaya huisifu VA, kwa sababu yanamfikiria mtu mmoja au wawili kwenye kochi, chumba kikiwa na giza. Sebule yetu ina kochi kubwa mbele, viti viwili pembeni, watoto mkekani chini kabisa, dirisha wazi na mlango wazi, na siku ya Simba na Yanga kuna waliosimama kizingitini. Kwa nyumba ya namna hiyo upana wa pembe ya kutazama una thamani kuliko weusi. OLED, ambayo kila nukta inajiwakia yenyewe na kuzimika yenyewe, inashinda kote kuwili, weusi na pembe; bei yake ndiyo inayowabakiza watu wengi kwenye LCD.

Omba pia muuzaji aonyeshe skrini nyeupe tupu, halafu nyeusi tupu. Kwenye nyeupe utaona doti iliyokufa au doa la kivuli. Kwenye nyeusi utaona pembe zinazovuja mwanga. Soma kibandiko cha nyuma: namba ya modeli, volti, wati. Linganisha modeli hiyo na iliyoandikwa kwenye boksi, maana boksi ni karatasi na karatasi inachapishwa popote. Na chukua risiti ya EFD, hata kama umeahidiwa bei tamu zaidi bila risiti. Dhamana isiyo na risiti ni maneno.

Kuhusu zilizotumika. Televisheni kutoka Japani ni imara, lakini zile zilizotengenezwa kwa soko la ndani la kule hutumia umeme wa volti 100 na kupokea matangazo ya mfumo wa ISDB-T, wakati huku kwetu umeme ni wa volti 230 au 240 na matangazo ya ardhini ni ya DVB-T2. Ya ndugu aliyeko Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake, na kipokezi chake ni cha ATSC. Zitafanya kazi kwa king'amuzi na kwa transfoma, lakini transfoma ikisahaulika mara moja tu, moshi utatangulia picha. Kabla ya kumwambia mjomba aipakie kwenye kontena, mwombe akutumie picha ya kile kibandiko cha nyuma.

Haya, imefika nyumbani na imetundikwa. Mafundi wengi huitundika juu mno, karibu na dari, ili watoto wasiiguse. Baada ya nusu saa shingo zinalalamika, na kama ni kioo cha VA, waliokaa mkekani wanaitazama kwa chini na rangi zimepauka. Katikati ya kioo pakae usawa wa macho ya mtu aliyeketi, au juu kidogo. Na isikabili dirisha.

Halafu nenda nyuma ya king'amuzi uangalie waya. Hapa ndipo penye kosa linalouzima uzuri wa televisheni nyingi za Afrika Mashariki, nalo halina gharama. Wakati wa TV ya chogo king'amuzi kiliunganishwa kwa waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe. Televisheni mpya ilipokuja, waya uleule ukahamishwa, picha ikatokea, kila mtu akafurahi. Kichwa kile cha njano hakiwezi kubeba picha ya HD. Hata chaneli iwe ya HD, hata kifurushi kilipiwe cha juu kabisa, kinachopita hapo ni picha ya zamani yenye mistari 576. Chomoa, weka HDMI. Kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi chenyewe, maana vingine hubaki vinatoa 576 au 720 hadi uvibadilishie 1080 kwa mkono. Waya wa HDMI wa bei kubwa, wenye vichwa vya dhahabu, hauongezi kitu kwa urefu wa mita moja na nusu. Picha ya kidijitali ikifika imefika.

Tulifikaje kwenye ving'amuzi hivi? Njia yetu ilikuwa na vituko vyake. Kenya na Uganda zilianza televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa nyeusi na nyeupe. Zanzibar ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini ilianza na rangi moja kwa moja, jambo ambalo Wazanzibari hawajaacha kulitaja hadi leo na wana haki. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka 1994. Nchi iliyochelewa namna hiyo ndiyo ikawa ya kwanza katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuzima mitambo ya analojia: Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, miaka miwili na nusu kabla ya tarehe ya mwisho, 17 Juni 2015, iliyokubaliwa Geneva mwaka 2006. Kenya ilizima mwanzoni mwa 2015 katikati ya mvutano mkali, vituo vikubwa vikakaa wiki kadhaa bila kuonekana hewani.

Siku hiyo ya kuzimwa tuliagana na chenga. Chenga zilikuwa na adabu: mawimbi yakidhoofika kidogo, chenga zinaongezeka kidogo, na mtu anatumwa juu ya bati kuzungusha antena huku mwingine dirishani akipiga kelele "hapohapo, usiiguse!" Dijitali haina nusunusu. Picha ni safi kabisa mpaka mawimbi yafikie kiwango fulani, kisha inavunjika vipande na kuganda. Wingu zito la masika likisimama kati ya dishi na setilaiti, dakika ya 89 inaganda miguu ikiwa hewani. Kwa hiyo usiridhike kwamba picha inaonekana siku ya kufunga dishi, siku ya jua kali. Mwambie fundi afungue ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi na aendelee kusogeza dishi hadi kipimo cha ubora kifike juu kinavyoweza, kile cha ubora na si cha nguvu tu. Akiba hiyo ndiyo utakayoila mvua ikinyesha.

Kuna hasara nyingine ambayo fundi hawezi kuiondoa, kwa sababu inatokea kabla mawimbi hayajapanda. Ndani ya gari la matangazo uwanjani, picha ya HD husafiri kwenye waya kwa megabiti 1,485 kila sekunde. Hakuna chaneli inayoweza kununua nafasi hiyo yote kwenye setilaiti. Picha inabanwa, mara nyingi hadi chini ya megabiti 10. Ikiwa chaneli imepewa megabiti 8, basi katika kila sehemu 185 za picha ya uwanjani imekufikia moja.

Ubanaji huo ni ujanja wa ajabu. Mtambo hutuma picha moja kamili, halafu kwa muda unatuma mabadiliko tu. Msomaji wa habari anafanyiwa hesabu rahisi: meza haiendi popote, ukuta hauendi popote, kinachobadilika ni midomo na kope. Ndiyo sababu taarifa ya habari huwa safi hata kwenye chaneli maskini. Mpira ni adui. Kamera ikimfuata winga anayekimbia, kila unyasi uwanjani umehama nafasi yake kwa wakati mmoja, megabiti hazitoshi, na mtambo unaamua kuupaka uwanja rangi moja ya kijani. Adui mbaya kuliko mpira ni karatasi zinazorushwa hewani kombe likikabidhiwa. Na kuna la kwetu: kundi la ngoma, kina mama ishirini wamevaa kanga za mauamaua, wote wanacheza, kamera nayo inazunguka. Sidhani kama waliobuni mitambo hii waliwahi kuijaribu na kanga. Itazame siku ya sherehe za kitaifa, utaona maua yanavyoyeyuka na kurudi.

Chaneli ya kulipia inayotoa megabiti za kutosha kwa mpira itaushinda mpira uleule kwenye chaneli iliyobanwa sana, hata kama zote zimeandika HD kwenye kona. Herufi hizo mbili zinataja idadi ya mistari tu. Hazisemi kilichobaki ndani yake.

Tukirudi kwenye rimoti, kuna mambo manne ya kufanya jioni ya kwanza, na baada ya hapo rimoti ipumzike. Toka "Vivid", nenda "Movie" au "Cinema". Kwa siku mbili picha itaonekana ya njanonjano na imefifia, familia italalamika. Wavumilie, siku ya tatu ukiwarudishia "Vivid" watashangaa walikuwa wanaivumiliaje ile rangi ya buluu. Pili, shusha kipimo cha "Sharpness" karibu na sifuri. Hakiongezi chochote kilichokuwamo kwenye picha. Kinachora mistari myeupe kuzunguka kila ukingo, na ule ukungu kwenye maandishi aliouona bwana wetu ulitoka hapo. Tatu, punguza mwanga wa nyuma, unaoandikwa "Backlight". Muulize fundi yeyote wa mtaani kazi inayomlisha: ni kubadilisha taa zilizoungua kwa kuwashwa kwa nguvu zote miaka miwili mfululizo. Usiku nusu yake inatosha.

La nne lina kisa. Televisheni nyingi zina mfumo unaobuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. Kwa mpira unaweza kuuvumilia. Kwa filamu, zilizopigwa picha 24 kwa sekunde tangu enzi, unaifanya sinema ya mamilioni ya dola ionekane imerekodiwa kwa kamera ya harusi. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise, akiwa na mwongozaji Christopher McQuarrie, alitoa video ya kuwaomba watu wauzime mfumo huo kabla ya kutazama filamu nyumbani. Mwaka uliofuata muungano wa watengenezaji na studio ulitangaza mpangilio wa "Filmmaker Mode" unaouzima kwa kubonyeza mara moja. Kama televisheni yako inao, tatizo limekwisha.

Nina ombi langu binafsi pia: msivute picha za zamani. Hotuba za Mwalimu Nyerere na taarabu za zamani zilirekodiwa kwa umbo la 4:3, karibu na mraba. Kuna watu hawawezi kuvumilia pembe nyeusi kushoto na kulia, wanabonyeza kitufe na picha inavutwa ijaze kioo. Mwalimu hakuwa mnene. Acheni pembe nyeusi zikae.

Sauti nitaipita haraka kwa sababu Waswahili tulilitatua tatizo kabla halijatajwa. Televisheni nyembamba haina nafasi ya spika, sauti yake inatoka kwa chini au kwa nyuma, ikigonga ukuta. Sabufa iliyokuwa ya muziki inatosha. Iunganishe, punguza besi ili maneno ya watangazaji yasikike, basi. Umeme nao si wa kuogopa: inchi 43 ya LED inakula kama wati 80, ukiitazama saa tano kwa siku ni uniti 12 kwa mwezi. La kuogopa ni umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa hiyo nunua kilinzi cha umeme, na siku ya radi chomoa hadi waya wa dishi.

Mtandao ndiyo njia fupi ya kuiona HD ya kweli bila dishi, ukiwa na bando. Netflix wenyewe wanasema HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa na 4K hadi GB 7, na wanataka kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa Full HD na 15 kwa 4K. Kwa bando la simu, msimu mmoja wa tamthilia ya 4K ni kodi ya chumba. Mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo hana habari na hesabu hizi.

Linabaki jambo moja ambalo hakuna mpangilio wala pesa vinavyoweza kulitibu. Mawimbi hupanda hadi kwenye setilaiti, kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kushuka. Safari hiyo haichukui hata theluthi moja ya sekunde. Kinachochelewesha ni kubana na kubanua, ambako hula sekunde kadhaa, na mpira ukitazamwa kupitia intaneti unaweza kuwa nyuma kwa nusu dakika au zaidi. Redio ya FM haina mizigo hiyo. Mtangazaji wa redio yuko uwanjani, anaona, anapiga kelele, na mzee wa nyumba ya pili mwenye redio ya betri anapokea kelele hiyo papo hapo. Wewe mbele ya inchi 55 unaona mshambuliaji wenu ndiyo kwanza anapokea mpira katikati ya uwanja, na dirishani umekwisha kusikia "gooo!" Kwenye 4K ya mtandaoni ni vibaya zaidi, mzee anakuwa amemaliza kushangilia na ameanza kubishana. Njia niliyoona ikifaulu ni moja: mzee anaalikwa mapema, anapewa kiti cha katikati na kikombe cha chai, na redio anaombwa aiache kwake.